Siagi Ndani ya Tangi la Kwaresima

Ng'ombe wa Sululta hawafungi Kwaresima. Wanakula majani yao, wanatoa maziwa asubuhi na jioni, wala hawajali kwamba kule Addis Ababa nusu ya mji imeapa kutogusa maziwa, siagi, yai wala nyama mpaka Pasaka. Ndiyo maana kila mwaka, kwa karibu miezi miwili, kiwanda cha maziwa cha Gadise Tolosa kilikuwa kinageuka ghala la majuto. Wafugaji wanaleta, yeye haya inamshika kuwarudisha, anayageuza maziwa kuwa siagi, siagi inajaa, jibini inajaa, friji linanguruma kama mgonjwa wa kifua, na wanawake wanaofanya kazi pale wanaambiwa waende nyumbani wakasali.

Mwaka huu walikataa kwenda kusali. Lelise, msimamizi wao, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua siku ya mapumziko, alimvamia Gadise ofisini mwezi mmoja kabla ya mfungo, mikono kiunoni.

"Mama Gadise, shamba la maua linaandikisha watu. Sote tumeandika majina."

"Kwa Kwaresima tu?"

"Kwa moja kwa moja. Waridi halifungi."

"Na baada ya Pasaka mimi nitafanya kazi na nani?"

"Utuletee habari," alisema Lelise. "Sisi tutakuwa tunanukia vizuri."

Gadise alicheka, lakini Lelise alipotoka akakaa kuhesabu hasara. Mashine ukiwa na mkopo unainunua. Wanawake waliozoea kiwanda kile miaka kumi, wanaojua kwa mlio tu kwamba bomba la tatu limeanza kununa, hao haviuzwi dukani vichwa vyao. Wakiondoka, kiwanda alichoacha marehemu mumewe kingebaki mabati na kufuli.

Basi akameza kiburi, na kilikuwa kikubwa, akampigia simu Surafel Mengistu.

Huyu Surafel alikuwa kijana wa Addis mwenye kampuni ndogo ya kinywaji cha suf. Suf ni mbegu, ndugu yake alizeti. Ukiichemsha, ukaisaga na kuichuja, inatoa maji meupe kama maziwa, na wafungaji wanayapenda sana. Tatizo la kinywaji cha Surafel ni kwamba asubuhi kilikuwa kinywaji na jioni kilikuwa siki. Alihitaji moto mzuri na mashine ya kufunga pakiti. Mwaka uliopita alimfuata Gadise kwenye maonyesho ya biashara akamwomba washirikiane, na Gadise akamjibu mbele ya watu kwamba mumewe hakujenga kiwanda ili waje kukichezea watoto wenye miwani ya jua.

Sasa mtoto mwenye miwani ya jua aliposikia sauti yake kwenye simu, alijibu kwa raha.

"Mama, nije na miwani au niiache?"

"Njoo na kinywaji chako," alisema Gadise.

Walikubaliana upesi kuliko walivyotarajia. Surafel angeleta tangi jipya na mabomba mapya ambayo hayajawahi kuonja maziwa, kwa maana mfungaji wa Addis akisikia kinywaji chake kimepita njia ya maziwa, hatakigusa, na atamwambia na jirani yake. Gadise angetoa boila, mashine ya pakiti na mikono ya watu wake. Jina la pakiti lingekuwa la wote wawili.

Kilichowashinda kilikuwa kitu kingine. Kila mmoja alikuwa amemkaribisha mwenzake nyumbani huku akikalia funguo.

Surafel alikuwa analeta unga wake umeshasagwa na kuchanganywa, magunia yameshonwa, na anaumimina mwenyewe ameipa dunia mgongo, koti limetandazwa kama mbawa za kuku anayelalia. Gadise naye, asije kijana akamwibia namna yake ya kuchemsha, alining'iniza vitambaa vya jikoni juu ya saa za kupimia joto la boila. Ukitaka kujua moto uko wapi, ilibidi umwombe yeye, naye anafunua pembe ya kitambaa, anachungulia, anafunika.

Mama mkwe wa Gadise, Mama Dinke, aliyekuwa anashinda kwenye kigoda karibu na mlango akikaanga shayiri na kuchungulia yasiyomhusu, aliwatazama siku mbili nzima.

"Nimeona harusi nyingi," alisema. "Bibi harusi kufunikwa uso, sawa. Lakini nyie mmefunikwa wote wawili. Huo usiku mtaonana vipi?"

"Mama," alisema Gadise.

"Nimeuliza tu."

Jaribio la kwanza lilikatika: mafuta juu, maji chini, katikati kitu kama mchanga. La pili vilevile. Surafel alisema moto ni mkali mno. Gadise alisema unga ni mbovu. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, maana mmoja hakuujua moto na mwingine hakuujua unga. La tatu, kwa bahati yake lenyewe, likakaa. Lilikuwa jeupe, laini, lenye harufu ya tangawizi. Siku ya Alhamisi asubuhi wakajaza tangi, wakapitisha, wakafunga pakiti, unga wote aliokuwa nao Surafel ukaisha. Gari lingepakia Jumamosi ili maduka yawe nayo Jumatatu, siku mfungo unapoanza. Wanawake waliambiwa, mzigo huu ukiuzika, hakuna kwenda nyumbani. Lelise akasema atafuta jina lake kule kwenye maua atakapoona gari limeondoka, si kabla.

Gadise alitoka uani kupumua. Mama Dinke alikuwa amekaa juani anajipaka kitu mikononi, vidole vinang'aa.

"Mafuta gani hayo, Mama?"

"Siagi. Imebaki kidogo kwenye kibuyu." Alijipaka na kwenye viwiko. "Ungeniachia mimi mambo ya heshima, nyumba hii ingekuwa mbali. Mnaleta chombo kipya, kikubwa vile, halafu mnakitia kazini kikavu kama yatima."

Gadise alisogea karibu.

"Chombo gani, Mama?"

"Tangi. Nimelibariki asubuhi kabla hamjalijaza. Kifuniko kwa ndani, na mdomoni kidogo. Kila kibuyu nilichoingia nacho kwenye ndoa nilikipaka siagi, na hakuna maziwa yaliyowahi kunigomea."

"Mama, hiki ni kinywaji cha wafungaji."

"Najua. Mimi nafunga tangu baba yako hajaoa." Bibi alikasirika kweli. "Nimelipaka tangi. Sijalilamba."

Gadise akakaa chini, palepale kwenye zege.

Alijua mambo mawili, na yote yalikuwa kweli. La kwanza, siagi ya kidole kimoja kwenye tangi lile haina atakayeionja, hata malaika asiye na mafua hataisikia. Anayejua ni yeye na bibi, na bibi hakuona kosa lolote la kusimulia. Akinyamaza, Jumamosi gari linaondoka, Lelise anafuta jina. La pili, Surafel alikuwa amesimama kwenye simu wiki nzima akiwaapia wenye maduka karibu na makanisa kwamba hakuna hata tone. Alikuwa anatumia jina lake, na jina lenyewe halikuwa kubwa, kijana alikuwa nalo hilo hilo moja.

Akisema, mzigo hauendi. Unga umeisha. Wanawake wanaondoka.

Aliamka, akapangusa kanga, akaenda mpaka mlangoni mwa chumba cha pakiti, akarudi. Akaenda tena. Lelise alimwona kupitia dirisha.

"Mama Gadise, unatafuta kuku?"

Gadise aliwasha jiko, akaweka kahawa. Kwao habari nzito haisemwi kwa mtu mkavu, na hilo Surafel pia alilijua, ndiyo maana alipoitwa kahawa saa ile isiyo ya kahawa, aliingia ameshika ukuta.

Gadise alisubiri kikombe cha pili. Halafu akasema yote, bila kumsingizia bibi wala kumtetea.

Surafel aliweka kikombe chini. Akatoka, akaingia ndani ya gari lake, akafunga mlango, akakaa. Gadise alimwona kupitia kioo, midomo inatembea, na haikuwa sala. Baada ya muda akarudi.

"Bibi alipaka kwa kidole au kwa kiganja?"

"Kuna tofauti?"

"Hakuna. Nilitaka nimkasirikie kwa kipimo." Akakaa. "Mama, ungenyamaza nisingejua."

"Hata mimi niliona hivyo. Nilizunguka uani kama kuku, muulize Lelise."

Akajimiminia kikombe cha tatu mwenyewe, jambo ambalo mgeni halifanyi.

"Unga uliosagwa sina tena. Kinu changu kule mjini kidogo, kusaga mwingine wiki nzima. Ninazo mbegu nzima tu, magunia yako kwenye gari." Alisugua paji la uso. "Tukisagia hapa, kila mtu ataona ninachoweka."

"Jirani yangu Haji Kemal ana mashine ya kusagia njugu na kunde za mfungo. Kubwa."

"Mwingine tena wa kuona."

"Tukichemsha, na wewe utaona moto wangu," alisema Gadise. Aliinuka, akaenda kwenye boila, akang'oa vitambaa vyote kwa mkupuo mmoja, akavitupa kwenye beseni. "Basi. Mmoja ameshavua nguo."

Mama Dinke kutoka kwenye kigoda akasema, "Sasa ndiyo harusi."

Waliosha tangi kwa maji ya moto mpaka mikono ikawa kama ya watoto wachanga. Surafel aliwaita wanawake wote, akasimama mbele yao kama mtu anayeungama, akataja vitu vyake kimoja kimoja, kiasi na zamu ya kuingia.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Lelise. "Kwa haya ulikuwa unatandaza koti?"

Haji Kemal alisafisha kinu chake mara mbili kwa kusaga shayiri tupu, akasaga suf mpaka jioni, akakataa kupewa shukrani nyingi, akaomba kitu kimoja: pakiti zile zilizobarikiwa. "Sisi Waislamu siagi haijatukosea lolote," alisema. Akazichukua zote, akagawana na Wapentekoste wa ng'ambo ya barabara, ambao nao hawafungi hivyo, na wiki iliyofuata walikuja kuulizia kama bado zipo.

Ijumaa wakachemsha. Na hapo, saa za joto zikiwa wazi na mchanganyiko ukijulikana, wakaona jambo ambalo halikuwa siri ya yeyote kati yao kwa sababu hakuna aliyekuwa analijua. Suf ilikuwa inakatika pale tu joto linapopanda haraka. Ukilipandisha pole, kisha ukalishikilia chini ya pale Gadise anapochemshia maziwa, kwa muda mrefu kuliko ambavyo Surafel angekuwa na subira, inakaa. Na tangawizi ikiingia mwisho, baada ya moto, haigombani na mafuta. Pakiti waliyoiacha juu ya meza Ijumaa asubuhi, waliifungua Jumapili baada ya kanisa. Surafel akanywa, akamwangalia Gadise, akanywa tena.

Gari lilikuwa limeshaondoka Jumamosi na nusu ya mzigo walioutarajia. Lelise alilifuta jina lake kwa nusu, kama alivyosema mwenyewe: aliwapigia simu watu wa maua akawaambia anaumwa.

Jumatatu saa sita mchana Surafel alipiga simu kutoka mjini. Maduka matatu yalikuwa yamemaliza. La nne mwenye duka alikuwa amezificha za kwake chini ya meza, za kupeleka nyumbani. Surafel alitaka mzigo mwingine Jumatano, na mwingine Ijumaa, na anauliza kama Haji Kemal anaweza kupewa mkataba.

Gadise aliweka simu chini, akaanza kuwaza kwa sauti. Kwaresima hii. Halafu mfungo wa mitume. Halafu ule wa Bikira Maria. Halafu ule wa kabla ya Krismasi. Na katikati, kila Jumatano na kila Ijumaa ya mwaka.

"Mungu wangu," alisema, "hawa watu wanafunga zaidi ya wanavyokula."

Lelise, aliyekuwa anasikiliza mlangoni na ndoo mkononi, alipiga hesabu yake.

"Kwa hiyo mashine haitalala."

"Haitalala."

"Na sisi je, tutalala lini?"

Gadise alimtazama. "Mwezi uliopita ulikuwa unaniachia kazi kwa sababu hakuna kazi."

"Hilo tumelimaliza," alisema Lelise, akaweka ndoo chini na kuvuta kiti. "Kaa, mama. Leo tumekuja kuzungumzia likizo."