Goti la Mchukuzi wa Mungu

Nimembeba mungu Amoni miaka thelathini na minane, na nakwambia bila haya: ni mzito, na hana shukrani. Machela yake ni ya mbao ngumu iliyopakwa dhahabu. Tunaibeba watu wanane, na nafasi yangu ni mbele kushoto, upande uleule wa goti bovu.

Kila asubuhi mke wangu Shati alilipaka goti hilo mafuta ya mbarika, akilikanda huku akilitukana. Siku ya kuchaguliwa mfalme alilitukana kuliko kawaida.

"We mzee, nenda kamwambie kuhani mkuu huwezi. Vijana wamejaa tele hekaluni."

"Ni mara yangu ya mwisho, Shati. Kesho kutwa tunaondoka."

"Ndiyo maana! Mtu ana safari, halafu anakwenda kujivunja!"

"Nataka kumpita Malewi mwenyewe. Nimwone akishusha pumzi tukishampita."

"Ubishi wako utakuja kutuua," akasema, akafunika chupa ya mafuta.

Malewi ni nduguye mfalme aliyekufa, mdogo kabisa. Mama yake alifariki akimzaa, na mwezi huohuo sisi tulikuwa tumezika mtoto wetu, basi akaletwa kwa Shati akiwa mwekundu kama panya. Ziwa la Shati ndilo lililomkuza. Sasa ana miaka ishirini na miwili, na ananiita baba hata mbele ya watu.

Hapa mjini Napata, mfalme akifa, ndugu zake wote husimama mstari uani mwa hekalu, chini ya Mlima wa mungu, na mungu hupitishwa mbele yao. Atakayeinamiwa na mungu ndiye mfalme. Na usiniulize kama sisi wachukuzi huwa tunaambiwa. Tunaambiwa. Usiku wa kuamkia siku ile kuhani mkuu Bekeme alitunong'oneza: wa tano, Tarekeni, mkuu wa majeshi. Malewi alikuwa wa tatu. Lo, nilifurahi! Maana asiyechaguliwa huachwa aende zake, na Malewi alishaamua kwenda nasi kijijini kwetu, kule juu ya mto, afuge farasi. Farasi wake jike alikuwa na mimba. Hicho tu ndicho alichotaka duniani, na mimi nilichotaka ni kuzeeka nikimsikia akigombana na mama yake juu ya chumvi.

Basi tukaanza. Jua kali, jasho machoni. Tukampita wa kwanza, tukampita wa pili. Tulipomfikia Malewi, akanikonyeza. Amesimama na watukufu wenzake, nywele zimepakwa mafuta, ananikonyeza kama zile siku alipokuwa akiiba tende! Na mimi mzee mpumbavu nikageuza shingo ili nimrudishie tabasamu. Uzito ukahamia mguu wa kushoto. Goti likaniachia.

Machela ikalala upande. Uso wa dhahabu wa mungu ukashuka, ukasimama kiasi cha shubiri moja tu kutoka paji la uso la Malewi.

Kisha wanawake wakapiga vigelegele, na askari wote wakaanguka kifudifudi.

"Umefanya nini, mzee?" akaninong'oneza Kasha, mchukuzi wa nyuma yangu.

"Inua."

"Umefanya nini?"

"Inua, nimesema!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Bekeme alipauka kama majivu, lakini angesema nini? Kwamba mungu kakosea? Akainua mikono, akapaza sifa pamoja na wengine. Na Tarekeni, ambaye nilidhani atachomoa upanga, alivua viatu, akalala miguuni pa mdogo wake mbele ya wapiga mikuki wake wote. Haki yake nampa: yeye aliamini kweli. Malewi hakumtazama mungu wala nduguye. Alilitazama goti langu.

Kesho yake mchana nikaitwa. Niliingia nikitambaa kwa tumbo kama watu wote, nikilisikia goti kila nilipojivuta. Alikuwa peke yake, amevaa ile kofia ya kifalme yenye nyoka wawili.

"Inuka, baba. Linauma?"

"Linauma, bwana wangu."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje tena, mwanangu? Wakinisikia nakuita vingine watanikata ulimi."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Niambie neno moja tu. Lilikuwa goti, au alikuwa mungu? Ukisema goti, leo hii naivua kofia hii nampa Tarekeni, na kesho tunaondoka wote watatu."

Nilitaka kusema goti. Naapa sijawahi kutaka neno litoke kinywani mwangu kama lile. Lakini nimewazika wafalme watatu, nayajua ya nyumba hii. Aliyekwisha kuinamiwa haachwi akafuge farasi. Angefika kwenye kivuko cha kwanza tu, wangemrudisha amefungwa sanda, na Tarekeni mwenyewe angemlilia.

"Alikuwa mungu," nikasema.

Alinitazama sana. Huyu ni mtu aliyekua akinisikia nikimdanganya Shati habari za pombe.

"Haya," akasema. "Basi alikuwa mungu." Nikaanza kutambaa kurudi nyuma, akaniita tena. "Farasi wangu akizaa, mtoto wake mpe mama."

Nyumbani nilimkuta Shati ameshafungasha. Viriba vitatu vya maji vimening'inizwa juu ya punda.

"Anakuja?"

"Haji."

"Ulimwambia ukweli?"

"Nilimwambia alikuwa mungu."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, sikufichi. Badala yake alikishusha kiriba cha tatu, akakiweka chini mlangoni, akaingia ndani.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilikaa juu ya jiwe nikanyoosha mguu kama siku zote. Shati akaitoa ile chupa ya mafuta kikapuni, akanitia mkononi.

"Jipake mwenyewe," akasema, akaenda kumshika punda.