Picha Ndani ya Mandusi

Kila nguo iliyotoka, vigelegele. Ndiyo ada: siku mbili kabla ya harusi, wanawake wa upande wa bwana hulifungua mandusi, sanduku la biharusi, wakatoa kitu kimoja kimoja na kukinyanyua juu. Siku ile, Izki ya Omani, mwaka wa sabini na saba, mtoaji alikuwa Bi Mahfoudha, shangazi yake Nadhir, bwana harusi, na tusidanganyane, jicho lake lilitafuta kasoro tangu asubuhi. Hakuwataka hawa watu waliokuja juzi kutoka Bujumbura.

Akaipata. Chini ya shela ya kijani palikuwa na picha ya mwanamke mwenye taji, msalaba mkononi, gurudumu la misumari miguuni.

Vigelegele vikakatika. "Hii nini?" aliuliza Bi Mahfoudha.

"Ya jirani yetu, nesi wa Kihindi," alidakia Bi Badriya, mama yake biharusi, upesi mno. "Imeingia kwa bahati mbaya." Na chini ya buibui akamfinya mwanawe paja.

Shukriya akakauka. Kunyamaza tu kungetosha. Akisema kweli, atamuumbua mama yake mbele ya watu, na atamkosa Nadhir, naye akimpenda hasa.

"Nisamehe, mama," alisema. "Ni yangu, shangazi. Nilipewa na sista, skuli ya watawa."

"Astaghfirullah! Na nani huyu?"

"Katarina wa Iskandariya, mwanafalsafa. Walivyotusomesha, mfalme alimletea wataalamu khamsini wamshinde kwa hoja, akawashinda wote. Akaambiwa aikane dini yake apone. Akakataa, akakatwa kichwa."

"Na wewe walikubatiza?"

"Tafadhali, isomeni nyuma."

Bi Mahfoudha hakujua herufi za Kizungu. Akampa binti yake, Kaltham, naye akasoma taratibu, kila mtu akisikia: "Kwa Shukriya, aliyeambiwa abatizwe au aache masomo, akaacha masomo. Umefanana naye kuliko sisi."

Bi Badriya aliinamisha uso, machozi yakimtoka, uongo wake bado uko pale katikati ya chumba.

Bi Mahfoudha aliichukua ile picha kwa binti yake. Akaifunga ndani ya shela, akairudisha mwenyewe mahali pake.

"Maskini Nadhir," alisema. "Mke asiyesema uongo hata wa kujiokoa! Atajificha wapi?" Akageuka. "Na wewe Badriya, uwache huo mkono. Umemfinya mwanao vya kutosha."