Ukurasa wa Saba

Ilibidi mama wa mchoraji aamke kwanza ndipo Yosefu na Maria watoke chini ya godoro. Michoro yote ililazwa pale usiku ili karatasi zinyooke, maana rangi ya maji hukunja karatasi, na nyumba ya chumba na sebule haikuwa na kitu kizito kumshinda mama mzazi.

"Nimelala kama kuku anayeatamia," mama alilalamika akishuka kitandani. "Hebu nimwone yule wa mlangoni kabla hujaondoka naye."

Mchoraji alimtolea. Kitabu alichokuwa anakichorea kilikuwa wimbo wa Krismasi wa zamani, ule ambao mama alifundishwa na bibi yake, na bibi naye aliukuta. Ulikuwa na beti saba, kila ubeti kurasa mbili zinazotazamana. Ubeti wa tatu ulikuwa wa mwenye nyumba ya wageni anayesema nafasi hakuna. Upande wa kushoto, ukurasa wa sita, Yosefu na Maria wamesimama gizani na punda wao, Maria kajishika kiuno. Upande wa kulia, ukurasa wa saba, mlango uko wazi nusu na mwenye nyumba anachungulia, taa mkononi. Hakumchora kama jambazi. Alimchora mtu aliyechoka, watoto wake watano wamelala sakafuni nyuma ya miguu yake, aibu imemjaa usoni. Uso ule peke yake ulimchukua siku sita.

"Maskini, angewaweka wapi," mama alisema, kama alivyosema jana na juzi. Utotoni, kanisani, yeye ndiye aliyeimba ubeti huo peke yake, na alishawatangazia majirani wote kwamba Krismasi hii ubeti wake una picha.

Kilichobaki ni muhuri. Bila muhuri wa ofisi ya vitabu vya watoto, hakuna duka wala shule ambayo ingekipokea. Na mchapaji, mzee ambaye watu walimwita Babu Wino, alikuwa amemtengea mashine jioni hiyo tu. Kesho yake kalenda zinaanza, na kalenda zikianza hakuna anayeisogelea mashine ile hadi Januari. Kitabu cha Krismasi kikitoka Januari ni cha kufungia karanga.

Ofisini alikuta foleni imeshafika kwenye ngazi. Hii ilikuwa mara yake ya tano kuja. Mara ya kwanza walitaka barua ya kanisa, akaleta. Wakataka ya mwalimu mkuu, akaleta. Mara ya tatu barua zote zilikuwa sawa ila bahasha ilikuwa nyeupe badala ya kaki. Mara ya nne afisa alikuwa msibani. Mtu angedhani anaomba kibali cha kuchimba dhahabu, kumbe ni punda na kondoo.

Afisa wa kaunta namba mbili, ambaye wateja walimbatiza Bwana Kesho, alipekua fomu kwa kidole kimoja.

"Dada, hii haijakamilika. Kipengele cha nne, sahihi ya mtunzi wa maneno."

"Wimbo ni wa zamani, kaka. Mtunzi hajulikani."

"Hajulikani kwako, au hajulikani kabisa?"

"Kabisa. Hata bibi yake mama aliukuta."

"Kwa hiyo alishafariki."

"Bila shaka alishafariki."

"Basi lete cheti cha kifo na barua ya warithi."

Alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshaandika kwa penseli pembeni ya fomu: cheti, warithi.

"Kitabu kinaingia mashineni leo jioni, kaka yangu."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nimengoja tangu Agosti."

Nyuma yake mtu alicheka. Bwana Kesho hakucheka. Alisukuma fomu upande wa pili wa kaunta na kuita, "Anayefuata." Mchoraji aliichukua fomu yake na kwenda kukaa kwenye benchi, bahasha ya michoro mapajani. Alikuwa na hasira mpaka masikio yanamuwasha. Alikaa foleni ikaisha, akakaa Bwana Kesho akaenda kula, akakaa mpaka akarudi saa tisa akichokonoa meno.

"Bado upo?"

"Nipo. Leo siondoki."

Afisa aliangalia huku na huku, akavuta droo, akatoa karatasi iliyochapwa tayari. Ilikuwa na picha ya Mkuu wa ofisi, mzima mzima, amevaa suti, ameinua kiganja kama anayenyamazisha umati. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya kuwatakia watoto usomaji mwema.

"Njia ipo," alisema kwa sauti ya chini. "Kitabu chenye Neno la Mkuu hakiulizwi kipengele cha nne. Ukurasa mzima, lakini."

"Kurasa zimejaa. Karatasi moja kubwa ukiikunja unapata kurasa kumi na sita. Wa kwanza ni wa jina, wa mwisho ni wa maelezo mliyoyadai nyinyi wenyewe, na kumi na nne ni za wimbo. Wa kumi na saba nitautoa wapi?"

"Toa picha moja. Si unazo nyingi?" Alifunua michoro akasimama kwenye mlango, akamwekea mwenye nyumba kidole kifuani. "Kwanza huyu hapa si mfano mzuri kwa watoto. Anafukuza wageni."

"Hafukuzi. Hana nafasi."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Akaandika kwenye cheti cha kibali: uk. 7 uondolewe. Mchoraji alitaka kumnyang'anya karatasi aichane vipande. Alimfikiria mama, akafikiria kalenda, akaufyata mdomo.

"Huyu Mkuu akae wapi?" aliuliza.

"Popote utakapo. Mradi ukurasa mzima, na mkono wake usikatwe."

Muhuri ulishuka mara moja tu, kazi ya nusu dakika. Alisema asante, na akajichukia kwa kuisema.

Kwa Babu Wino alifika mashine imeshapashwa moto. Mzee alisoma cheti, akatikisa kichwa, akautoa mchoro wa mlango mezani na kumkabidhi. Mwenye nyumba na watoto wake watano wakarudi kwenye bahasha.

"Hawa huwa wanawekwa mbele kabisa," Babu Wino alisema, akiishika picha ya Mkuu kwa ncha za vidole. "Ukurasa wa pili. Ndivyo wanavyopenda."

"Ukimweka wa pili, picha zote mpaka wa sita zinasogea. Beti mbili nzima zitakatika katikati, mtoto afunue karatasi ndipo aone nusu ya pili."

"Sasa tutafanyaje, binti?"

Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi na kuilaza pale palipokuwa wazi. Ukurasa wa saba.

Wote wawili wakainama kuangalia. Kushoto, Yosefu na Maria gizani na punda wao, maneno ya ubeti yakisema nafasi hakuna. Kulia, Mkuu katika suti iliyopigwa pasi, kiganja juu, nyuma yake ukumbi mkubwa wenye viti vitupu.

Babu Wino alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Yule wako nilimwonea huruma," alisema. "Huyu nafasi anayo."

"Cheti kinasema popote."

"Watakufungia, mwanangu. Ukirudi mwakani hata fomu hawatakupa."

"Mwaka huu wamenipa nini?"

Mzee alikwenda kuanza kupanga sahani za kuchapia. Mchoraji alisimama na bahasha yake. Furaha aliitafuta hakuiona. Siku sita za uso mmoja zilikuwa mkononi mwake, hazina pa kwenda, na nyumbani kulikuwa na mwanamke mzima anayesubiri ubeti wake.

"Nakala elfu moja," Babu Wino alisema kutoka nyuma ya mashine. "Useme sasa. Nikiwasha sizimi."

"Washa, mzee."