Kishindo cha Upande wa Eilert

Asubuhi za Novemba huko Iowa, Marekani, hindi likigonga ubao wa mkokoteni husikika hadi shamba la jirani. Mvunaji huambua ganda, hulirusha hindi bila kutazama, nalo hugonga ubao uliosimamishwa upande wa pili na kuangukia ndani. Kwa hiyo uvivu wa mtu hauna pa kujificha.

Hicho ndicho kilichommaliza Harm. Ng'ambo ya uzio, kwa mdogo wake Eilert, ubao ulilia du-du-du bila kupumua. Wa kwake ulilia du, ukanyamaza, ukalia tena kama unaombwa. Na baba yao, mzee Wubbe, alishasema mavuno haya ndiyo yatakayomwonyesha nani amwachie shamba la nyumbani. Harm ndiye mkubwa. Kila kishindo cha Eilert kilimchoma roho.

Gesche, mkewe, alikuwa amemwambia mapema, "Nije tuvune wote? Nimeshashona glavu."

"Ili watu waseme Harm hawezi bila mkewe? Kaa na masufuria yako!"

Gesche akarudi jikoni na glavu zake.

Siku moja adhuhuri uvumilivu ulimwishia Harm, akaruka uzio. Akamkuta Antje, mke wa Eilert, sketi kaichomeka kiunoni, anavuna mstari mmoja kando ya mkokoteni, mumewe mstari wa pili. Walikuwa wakishindana, atakayeshindwa akamue ng'ombe jioni.

"Karibu, kaka! Umekuja kupumzika au kupeleleza?" Eilert akamtania.

"Shemeji, shika mahindi, usishike kiuno!" Antje akadakia, nao wakacheka mpaka farasi wakageuza shingo.

Kicheko kile kilimkera Harm kuliko mahindi yenyewe. Kwake hakukuwa na wa kucheka naye. Hata glavu za Antje, zilizotiwa kiraka imara kwenye dole gumba kwa uzi wa buluu, alizitamani. Zake zilikuwa zimetoboka.

Akaenda moja kwa moja kwa mzee Wubbe. Gesche alikuwa huko, ameshampikia mkwewe chakula cha mchana, sasa anaosha vyombo.

"Baba, Eilert anakudanganya! Anavuna na mkewe!"

Mzee akaweka chini kikombe cha chai. "Kanidanganya lini? Masikio yangu yamezeeka, hayajafa. Tangu siku ya kwanza nasikia watu wawili."

"Na bado unaona ni sawa?"

"Shamba hili mimi na mama yenu tulilivuna hivyo hivyo, yeye huku, mimi kule. Mtu mmoja haliwezi. Unadhani kila asubuhi nakaa dirishani hapa kumsikiliza Eilert? Nasikiliza upande wako, Harm. Namngoja mtu wa pili."

Harm alihisi uso unamwaka. Akamgeukia mkewe, sauti imeshuka.

"Gesche, kachukue glavu zako. Twende."

Gesche hakuacha kusugua. "Si uliniambia nikae na masufuria? Nimekaa. Glavu nilimpa Antje, naye kanishukuru mpaka nikaona haya." Akalisuuza sufuria, akalifudikiza likauke. "Za uzi wa buluu. Hukuziona?"

Harm alikuwa ameziona. Alikuwa amezionea wivu.