Mashine ya Swalehe Haisagi Mahindi

Mume wangu Swalehe ni seremala, na karakana yake ni uani kwetu hapa Ruhuwiko. Maana yake ni kwamba mimi, kitanda changu, kopo langu la chumvi na mtoto wangu mchanga wote tunaishi karakanani. Akipiga msasa mlango wa mninga, chai yangu inageuka nyekundu kabla sijatia majani. Akipasua mbao za paina, jogoo wetu mweusi anawika akiwa mweupe. Mimi nilishazoea. Nilimpenda akiwa na vumbi kwenye kope, nikaolewa naye akiwa na vumbi masikioni, na shehe aliyetufungisha ndoa alipiga chafya nyingi kuliko amina alizoitikiwa.

Mama yangu, Bi Mwanaheri, hakuzoea. Alikuja kutoka Tunduru kunihudumia baada ya mimi kumzaa Aisha, na tangu alipovuka kizingiti pua yake iliziba ikagoma kuzibuka. Alilala na ushungi umefungwa usoni kama jambazi. Kwetu sisi Wayao, binti hata aolewe vipi bado ni wa mama yake, na mama akisema "turudi nyumbani", mume hubaki ameshika tama. Swalehe ni Mngoni wa Matogoro, lakini jambo hilo alilijua kabla hajaleta posa.

Tena mama na Swalehe hawakuwa wakisemeshana. Si kwa ugomvi, kwa heshima. Mkwe hamtazami mama mkwe machoni, hali naye, na likiwapo neno linapita kwangu, hata kama wote watatu tumekaa ua mmoja.

"Zuhra, mwambie mumeo kikohozi cha mtoto ni cha mbao zake."

"Baba Aisha, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama nitafunika kwa turubai."

"Mama, anasema..."

"Mimi si kiziwi!"

Kazi hiyo ilinichosha kuliko kunyonyesha.

Asubuhi moja mama akakuta maranda kwenye uji wangu wa pilipili manga, kaukanda kembamba ka mbao kamejikunja vizuri kabisa. Alikatoa kwa vidole viwili akakainua juu ili Swalehe akaone kutoka alipokuwa.

"Zuhra, mwambie huyo bwana. Mimi naenda Lusewa kuhani msiba wa shangazi yako. Nikirudi, wallahi, nikikuta vumbi la mbao kwenye chakula chako hata mara moja, nakufungasha wewe na mjukuu wangu, tunapanda basi la Tunduru. Yeye abaki na mbao zake, azinyonyeshe."

Swalehe hakungoja nimfikishie. Aliweka randa chini, akakaa juu ya gogo, akawa mdogo. Nami niliogopa. Nampenda mama yangu, lakini kwangu ni hapa, kwa mwanaume huyu na kelele zake. Sikutaka kwenda popote.

Mama alipoondoka, vita vikaanza. Swalehe alifunga turubai, karakana ikawa na joto la tanuri, vumbi likatokea chini. Akatundika magunia yenye maji, vumbi likashikana nayo, kisha upepo ukayatikisa na tope la mbao likaturukia. Akajaribu kufanya kazi amegeuzia upepo mgongo, na upepo wa Ruhuwiko, kama mnavyoujua, hauna mgongo. Siku iliyofuata akatoweka, akarudi kwa guta amekumbatia dude la bati lenye umbo la faneli, feni nzito, na mfuko wa kitambaa mrefu kama mguu wa suruali ya jitu.

"Nimelitoa kwenye mashine ya kusaga iliyokufa," alisema, macho yakimmeta. "Fikiria, Zuhra. Mashine inatoa unga kutwa nzima, na bado unga unaingia ndooni, hauendi kwa jirani. Siri ni hili. Feni inavuta, upepo unazunguka humu ndani, unga unaanguka chini kwenye kiroba, hewa inatokea kwenye kitambaa. Unga wa mahindi na unga wa mbao una tofauti gani?"

Nilimwambia tofauti ipo, waulize kuku. Lakini alipoliunganisha na kuliwasha, nilikubali. Alipiga msasa vitanda vya paina kutwa, na sahani nyeupe niliyoitega dirishani ilibaki nyeupe. Mfuko ulijaa hewa ukawa unacheza. Kiroba cha chini kilijaa unga laini, mweupe wenye unjano kidogo, mzuri hata kuutazama. Nilimkumbatia Swalehe mbele ya jogoo.

Kasoro ilikuwa moja. Dude lilinguruma ile sauti ambayo kila mwanamke wa mtaa wetu anaitambua hata akiwa usingizini.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Fausta, ndoo ya mahindi kichwani. "Hongereni jamani! Mnasaga dona tu, au mnakoboa pia?"

"Hii si ya mahindi, dada," Swalehe alisema. "Ni ya kuvuta vumbi."

Fausta alimtazama, akautazama mfuko unaocheza, akatazama kiroba. "Vumbi? Mtu mzima atengeneze mashine ya vumbi? Sema tu hujapata kibali, sisi tutakusitiri."

Akatua ndoo, akaikalia. Nyuma yake wakaja wengine, na wengine. Kila mmoja alielezwa ukweli na hakuna aliyeondoka, kwa sababu aliye mbele yake hakuondoka, na mtu hawezi kuachia nafasi kwenye foleni kwa ajili ya ukweli.

Ndipo mama akarudi kutoka Lusewa.

Alisimama getini na begi lake. Akaiona foleni. Akaona ua uliofagiliwa, mfuko unaocheza, kiroba cha unga. Uso wake, ambao kwetu ulikuwa haujacheka bado, ukafunguka wote.

"Zuhra! Mwambie mume wako nimefurahi! Ameacha mbao, amefungua mashine! Alhamdulillah, mwanaume amesikia!"

Nilimgeukia Swalehe, nikasubiri aseme. Kumwambia mama mkwe mbele ya mtaa mzima kwamba amekosea? Bora aingie kwenye lile dude mwenyewe.

"Mwambie mama ahsante," alisema, akitazama vidole vyake vya miguu.

"Baba Aisha!"

"Nitamweleza kesho," alininong'oneza. "Taratibu."

Ningekuwa na kandambili mkononi ningempiga nayo. Mama naye alikuwa ameshawageukia wanawake kwa sauti ya mwenye mali. "Leo mashine inafunguliwa kwa dua tu. Njooni kesho, mtasagiwa wote." Wakaondoka wakimbariki, Fausta akiacha ndoo yake ili kushika nafasi.

Kwa furaha mama alichinjisha jogoo. Mimi nilikuwa chumbani namnyonyesha Aisha, nikisikia mwiko ukigonga sufuria, nikasikia ukanyamaza, nikasikia kandambili zikienda uani na kurudi upesi. Unga wa ndani ulikuwa umemwishia katikati ya kusonga, ugali bado uji. Zamani angemtuma mtu dukani. Lakini mama wa watu wenye mashine aende dukani kutafuta nini? Alichota bakuli mbili kwenye kiroba, akamalizia kusonga. Pua imeziba tangu afike, hakunusa kitu.

Mchana ule Swalehe aliandaliwa barazani, mimi nikakaa mlangoni, mama ndani, ili heshima ipate nafasi yake. Niliinua sahani yangu, na harufu ya paina ikanipanda mpaka utosini. Nikamtazama Swalehe. Alikuwa tayari ana tonge mdomoni. Alikuwa ametulia kabisa, macho yamejaa machozi.

Nilifungua kinywa nipige kelele, naye akatikisa kichwa mara moja. Nikaelewa. Akisema, mama ndiye atakayekuwa amempikia mkwewe mbao siku ya furaha yake, na mama yangu hawezi kuishi na aibu hiyo. Asiposema, na mama akagundua, ni vumbi kwenye chakula changu, na basi la Tunduru linaondoka asubuhi. Akameza. Nilisikia tonge likishuka.

"Zuhra, muulize mumeo ugali ukoje."

"Mwambie mama," alisema Swalehe kwa sauti iliyokwaruza, "sijawahi kula ugali kama huu."

"Mwongezee!"

Nikamwongezea, Mungu anisamehe. Akala. Kisha akaivuta sahani yangu, akasema mzazi hana hamu, atamalizia, maana sahani yenye ugali mzima ingemleta mama kuuliza. Akala na wangu. Sijawahi kumpenda mtu kwa hasira namna ile.

Mwishowe mama akajipakulia, akaja kukaa karibu na mlango. Akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, kisha akachomoa kijiti kutoka kwenye meno, akakitazama. Akaitazama mashine. Akazitazama sahani tupu zilizokuwa mbele ya Swalehe.

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Mama, uliapa! Ukikuta vumbi la mbao kwenye chakula changu. Haya, limo, tena umelisonga mwenyewe. Nifungashe basi!"

"Niliapa kuhusu chakula," alisema mama, kidevu juu. Akaisukuma sahani. "Hiki ni chakula? Wallahi hiki si chakula."

Kisha akainuka, akanipita mlangoni, akatoka barazani, akasimama mbele ya mkwewe akamtazama usoni. Swalehe aliinamisha kichwa mpaka nikadhani kitadondoka.

"Mwanangu," mama alimwambia, yeye mwenyewe, si kupitia kwangu. "Ulijua?"

"Tangu tonge la kwanza, mama."

"Ukala yote ili mimi nisiaibike?"

"Ndiyo, mama."

Midomo ya mama ilitetemeka, sikujua ni kicheko au kilio, nadhani hata yeye hakujua. "Mjinga kama wewe nikuachie nani? Kunywa maji. Na unifundishe hilo dude linavyozimwa, maana kesho wale watu watakuja na mahindi yao, na mimi ndiye nitakayewaeleza."

Swalehe alitaka kumjibu vizuri, kwa adabu zote, lakini kikohozi kikamtangulia. Wingu dogo la paina likamtoka mdomoni, likaelea kidogo, likatua kwenye ushungi wa mama. Mama hakulipangusa.