Usisugue Masizi ya Sanduku la Mdachi

Akina mama wenzangu wa Kirushya, naandika haya nikiwa bado na hasira, na sehemu kubwa ni hasira juu yangu mwenyewe. Kama una kitu cha zamani kwenye uchaga wa jikoni, kiache na masizi yake.

Sisi tulikuwa na sanduku la mbao, lina mkono wa kuzungusha ubavuni, kengele ndani, na kipande cha kuweka sikioni. Baba mkwe alisema baba yake alilibeba alipokuwa mpagazi wa Wadachi, wale Wajerumani wa zamani, nao walipokimbia vita likabaki kwake. Lilikaa kwenye uchaga juu ya mafiga miaka yote, jeusi kama chungu. Mwaka huu wa 1995 mwanangu Frednand akasikia kwamba kwenye kambi ya wakimbizi Kasulo kuna Wazungu wa misaada wanaopenda vitu vya kale. Akasema anakwenda kuwaonyesha.

"Utawapelekea wageni uchafu huo?" nikamuuliza. Nikachukua majivu na majani ya msasa, nikasugua asubuhi nzima. Kwenye kifuniko palikuwa na herufi za rangi nyeupe. Sikuweza kuzisoma, nikazisugua nazo. Nikapaka na mafuta.

Frednand akacheka. "Mama, ungelivalisha na gauni kabisa."

Hakufika kwa Wazungu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walifungua mzigo wake, wakaona ule mkono, kengele na nyaya. Siku hizi bunduki zinavuka mpaka, kila mtu anamwogopa mwenzake. Wakasema ni mtambo wa kuongea na wapiganaji wa ng'ambo. Wakamweka ndani.

Kesho yake nikafika kituoni. "Afande, hicho ni kitu cha babu wa mume wangu."

"Cha babu?" Akagonga kifuniko. "Babu gani huyu asiyezeeka, mama? Kiti changu kina miaka mitano na kimechoka kuliko hiki."

Mikono yangu ndiyo iliyomfunga mwanangu.

Mtendaji wa kata akanituma wilayani. Wilayani wakasema leta kitu chenyewe tukione. Kituoni wakasema kitu hakitoki. Nilizunguka hivyo siku tano, hadi jirani yangu Secilia akanikumbusha Mzee Evaristi, fundi simu mstaafu anayekaa Biharamulo karibu na boma la Wadachi. Nikapanda lori la mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikaeleza. Akauliza, "Kile cha kushika sikioni kina kitufe kwenye mshikio?"

"Kinacho."

"Hiyo ni simu ya vitani. Na kifuniko kilikuwa na maandishi?"

"Niliyasugua."

Akashika kichwa. "Mama! Umesugua cheti chake cha kuzaliwa!"

Alikuja nami, akinung'unika njia nzima. Kituoni akaomba bisibisi, akatoa skrubu nne, akainua ubao wa ndani panapokaa betri. Huko msasa wangu haukufika. Masizi yamejaa pembeni, kuna nyumba ya nyigu iliyokauka, na kwenye mbao pamechomwa kwa chuma cha moto: 1912.

"Na hii siyo redio, afande," Evaristi akasema. "Bila waya kutoka hapa hadi kwa mwenzake, haiongei hata na jiko. Mama, waya wake uko wapi?"

Wote wakanigeukia.

"Naanikia nguo," nikasema. "Tangu niolewe."

Askari mmoja akaangua kicheko. Afande hakucheka. Alikwangua masizi kwa ukucha, akanusa.

"Haya ni masizi ya jiko kweli," akasema.

Mchana huohuo wakamtoa Frednand, amekonda, hanitazami usoni. Sanduku likabaki kwao, eti kwa uchunguzi zaidi. Mzee Evaristi akaanza kubishana, nikamvuta shati. Nilichokifuata nilikuwa nimeshakipata.

Njiani, tulipoona migomba yetu, Frednand akaniuliza.

"Mama, ule mkanda wa ngozi wa kubebea sanduku bado uko kwenye uchaga?"

"Upo."

"Usiuguse."

Sijaugusa. Nanyi vyenu msiviguse.