Nyota Tano kutoka Mamboya

Tovuti ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea. Debora hakuwa na bwawa. Gesti yake ya vyumba sita, kando ya barabara kuu pale Mikumi, ilikuwa na tangi la maji juu ya mnara wa mbao, mpapai mmoja, na uwanja wa changarawe ambao zamani ulijaa malori mpaka madereva wakagombania nafasi. Picha ya bwawa iliwekwa na fundi mmoja wa kupita, mumewe Zabron akiwa bado hai, kwa maelezo kwamba maji ya bluu huvuta watu. Kweli yalimvuta mmoja. Alifika na watoto wawili ambao tayari walishavaa nguo za kuogelea, akalitazama lile tangi, akageuza gari. Kabla hajaumaliza mji alikuwa ameshaandika kwenye ramani ya simu kwamba mahali hapa ni pa waongo, akaweka nyota moja.

Kwa miaka mitatu nyota hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya Debora duniani, na mwenyewe hana habari.

Alikuja kuijua mwaka huu, baada ya kikao cha ukoo. Zabron alikuwa amefariki mwaka juzi, na kiwanja kilikuwa chake pamoja na mdogo wake, Gerald. Gerald ni mtu mstaarabu, na hilo ndilo lililomkera Debora kuliko yote, kwa maana mtu anayefoka unaweza kumfokea. Yeye alisema tu, kwa upole, mbele ya wazee kule Mamboya, kwamba tangu loji mpya ifunguliwe upande wa pili wa mji madereva wote wamehamia huko, kwamba gesti inakufa, na kwamba angependa kuigeuza duka la vipuri vya malori. Debora akaomba msimu mmoja wa kiangazi, watalii wanapokuja mbugani. Wazee wakampa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Vyumba vikipata wateja, Gerald atasubiri. Visipopata, Debora atarudi Mamboya, kuna chumba kwa kaka yake.

Chumba hicho alikijua. Kiko nyuma ya jiko, na aliwahi kukaa humo shangazi yao aliyerudi nyumbani vivyo hivyo, akaishi miaka tisa akiitwa na watoto "shangazi wa nyuma". Debora alikuwa na miaka hamsini na nane. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameendesha gesti, ameamrisha madereva wa nchi nne wavue viatu mlangoni, na wakavua. Alikiogopa chumba kile kuliko alivyowahi kuwaogopa tembo wanaovuka barabara.

Basi akaenda Kilosa mjini kwa Yared, mwenye steshenari karibu na stendi, baba wa makamo ambaye miwani yake imeshikizwa kwa selotepu. Yared hupiga picha za pasipoti, huchapa barua za kuomba kazi, na mambo ya tovuti amejifundisha mwenyewe. Akaifungua ya Debora. Wakasubiri. Akaagiza chai, wakanywa, wakamaliza, na tovuti bado inafunguka.

"Mama," alisema Yared, "mteja hana subira hii. Yuko njiani, mtandao unakatika, watoto wanalia. Ukurasa ukichelewa, ameshakwenda kwa jirani yako."

"Hata mimi ningekwenda."

"Na hili bwawa la nani?"

"Sijui. La Wazungu huko."

Yared akaliondoa. Jumamosi iliyofuata alikuja Mikumi mwenyewe na kamera ya kuazima, akapiga picha kitanda chenye chandarua cheupe, sahani ya wali, maharage na mchicha, na uwanja wa changarawe uliofagiliwa. Akapunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke upesi. Namba ya simu akaiweka juu kabisa, kubwa, mtu aione bila kutafuta. Akaunganisha tovuti na ramani. Chini akaandika: vyumba sita safi, chakula cha nyumbani, maegesho ya malori na magari madogo, bwawa hakuna.

Ujumbe ukaanza kuingia, na hapo Debora nusura aharibu. Mtu aliandika neno moja tu, "Bei?", naye akamjibu kwa kumtakia habari za asubuhi na kumuuliza hali ya familia, kisha akakaa akingoja aitikiwe kwanza. Mtu yule hakurudi tena.

"Hakunisalimia," Debora alimweleza Yared kwenye simu.

"Hajakataa kukusalimia, mama. Hajui kama upo. Mtajie bei, salamu atazikuta mlangoni."

Akajifunza. Mwezi wa saba walikuja mke na mume kutoka Dodoma, wakaja Wajerumani wawili wa baiskeli, na mwisho wa juma mmoja vyumba vinne vikajaa. Debora aliimba jikoni. Alinunua mashuka mapya mawili, akaanza kusema "mwakani" kama watu wengine.

"Kimebaki kitu kimoja," Yared alimwambia. "Ile nyota moja. Hatuwezi kuifuta, tutaizamisha tu. Kila mgeni anayeondoka, mwombe aandike alivyopaona. Mmoja mmoja, mama. Taratibu."

Neno taratibu Debora alilisikia vizuri sana. Ila yeye ni mtoto wa Mamboya, na kule milimani hakuna jambo linalofanywa mmoja mmoja. Nyumba inaezekwa na watu wote, kaburi linachimbwa na watu wote, na mwenye kuuguliwa akiamka anakuta kuni zimeshafika. Jumapili moja ya mwezi wa nane alikwenda kusali kwao, na wakati wa matangazo akasimama, akawaeleza Umoja wa Mama shida yake.

Mwenyekiti wao, Mama Gaudiosa, alimkatisha. "Tuko thelathini na mmoja hapa. Mbona unaomba kama mgeni?"

Ibada ilipokwisha walihamia ukumbini. Simu kubwa zilikuwa saba. Happyness, katibu wao, mwalimu wa shule ya msingi, akagawa bando lake kwa wote, akawafungulia akaunti wasiokuwa nazo, na simu zikazunguka mkono kwa mkono kama kapu la sadaka. Wasioona vizuri walimtajia maneno, naye akaandika. Kila mmoja alianza na Bwana Yesu asifiwe, kwa sababu huwezi kuingia mahali ukaanza kusema bila salamu. Mmoja akaandika kwamba Debora ni binti wa marehemu mzee Kornelio, na kwao ni watu safi tangu zamani. Mwingine akatoa pole kwa msiba wa Zabron na kuongeza kwamba amelala vizuri na chakula ni kizuri. Wa tatu akamwomba Mungu amwondolee Debora maadui zake wote. Nyota tano, nyota tano, nyota tano, mpaka wakamaliza.

"Lakini mama zangu," Debora alisema, "hamjawahi kulala kwangu."

"Wewe umelala migongoni mwetu," alijibu Mama Gaudiosa. "Nani anakujua kutushinda sisi?"

Debora akacheka, kisha akalia. Hajawahi kupendwa hivyo hadharani tangu siku ya harusi yake.

Alhamisi ilimtoa katika furaha hiyo. Alikuwa na wageni wanne wa kutoka Dar, wamepiga simu mapema, kuku ameshachinjwa. Saa kumi jioni mmoja wao akapiga.

"Mama, mbona hampo?"

"Tupo! Nimesimama barabarani, nimevaa kitenge cha kijani."

"Ramani inasema hakuna mahali kama hapo. Tumezunguka mara mbili, tukajua tumetapeliwa. Samahani, tumeshachukua vyumba kwingine."

Yared alikagua, akampigia. Kisha akaeleza kwamba ramani hailindwi na mtu, inalindwa na mashine, na mashine imeona watu thelathini na mmoja ambao hawajawahi kuandika chochote, mchana mmoja, mtandao mmoja, mlima mmoja ulio mbali na Mikumi, wote wakianza kwa maneno yaleyale. Imewafuta wote, na gesti imeiondoa kabisa.

"Imedhani ni genge la matapeli," alisema.

"Genge? Mama Gaudiosa?"

"Mashine haimjui Mama Gaudiosa."

Na haimjui kweli, hilo ndilo linalochoma. Uongo wa bwawa uliachwa miaka mitatu ujitangaze kwa raha zake, haukuguswa. Siku wanawake wakweli kuliko wote wilayani walipofungua midomo, ndipo macho ya mashine yalipofumbuka. Yared aliandika kukata rufaa mara tatu. Majibu yalikuja upesi mno, yasiyo na jina la mtu chini. Tovuti yenyewe ilibaki, nyepesi, nzuri, yenye ukweli mtupu, ila watu walikuwa wakiifikia kupitia ramani, na sasa ilikuwa kama duka safi lililofunguliwa katikati ya kichaka.

Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukaingia. Debora alifua mashuka ambayo hayakulaliwa, kwa sababu vumbi la malori halijui kama chumba kina mtu. Akampigia Mama Gaudiosa, akamwambia tu kwamba vyumba ni vitupu na Gerald anakuja tarehe thelathini na moja. Sababu hakuitaja. Angeanzaje?

Tarehe thelathini mchana, Fuso liliingia uwanjani kwa honi na vigelegele. Umoja wa Mama walikuwa wamekuja wote, kwa barabara ya Kilosa, wamekalia magunia, wakiwa na unga, ndizi, mikeka na ngoma ya kwaya.

"Tuliandika kwamba tumelala hapa," alitangaza Mama Gaudiosa akishushwa. "Basi tumekuja kulala, yasije yakawa maneno ya uongo. Na huyo shemeji yako akute nyumba imejaa."

Walijaa kweli, watano watano chumbani, na mmoja akabaki akalala na Debora. Hakuna aliyeuliza bei, na Debora asingethubutu kuitaja; aliyekubeba mgongoni humkatii risiti. Alipika mchele wote uliobaki. Kwa jioni moja gesti ilinukia chakula na kujaa sauti, na Debora, kwa ujinga wa mwenye kuzama, akaanza kutumaini.

Gerald alifika asubuhi, akavua kofia getini. Akamwamkia mama wa kwanza shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaenda kwa wa pili, na kwa wa tatu, hakumruka hata mmoja isipokuwa Happyness, aliyemwamkia yeye. Ikamchukua muda. Alipofika kwa Debora alikuwa karibu kukosa pumzi.

"Shikamoo, shemeji. Nyumba imejaa."

"Marahaba. Imejaa, kama unavyoona."

Gerald akakifungua kitabu cha wageni pale mezani, taratibu, kama mtu anayefungua Biblia ya mwenzake. Jina la mwisho lilikuwa la mwezi wa nane.

"Hawa hawamo," alisema.

"Hawa ni mama zetu, Gerald."

"Najua, shemeji." Akakifunga. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ndicho ninachosema."

Hapakuwa na ubishi. Wanawake walielewa kabla hajamaliza, wakaanza kukunja mikeka, na kwa kuwa hawajui kukaa mikono mitupu, wakaanza kumfungia Debora vitu vyake. Walifanya haraka na vizuri, kama wanavyofanya kila kitu. Kufikia saa sita vyandarua, masufuria na yale mashuka mawili mapya vilikuwa ndani ya Fuso.

Mama Gaudiosa alimvuta kando. "Mwanangu, niambie. Yale maneno yetu ya kwenye simu, yalifika?"

"Yalifika, mama."

"Na yalisaidia?"

Debora aliitazama mikono yake, iliyokunjamana kwa kufulia wengine mashuka miaka yote.

"Yalisaidia sana," alisema. "Bila hayo nisingefika hata mwezi huu."

Mama Gaudiosa akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Walimkalisha Debora mbele, karibu na dereva, pamoja na Happyness. Walipokuwa wakitoka mjini Happyness akatoa simu yake, ana furaha ya mwalimu anayesahihisha kosa. "Sasa naweza kuandika kwa ukweli kabisa," alisema. "Nimelala, nimekula, ni pazuri." Akaandika jina la gesti, akangoja. Akaliandika tena. Akainua simu dirishani.

"Haipatikani," alisema. "Ni mtandao?"

"Ni mtandao," alijibu Debora. "Huku ni mbovu. Jaribu tukifika nyumbani."